Kwa nini hatusemi "kuchumvisha" nyama?

Swali: Mwalimu, ninajifunza Kituruki. Wenzetu huchukua tuz, yaani chumvi, wakaongeza -la na kupata kitenzi tuzlamak. Mbona sisi hatuna "kuchumvisha"? Kiswahili hakiwezi kuunda vitenzi kutokana na nomino?

Jibu: Kinaweza sana. Taifa limezaa taifisha, sababu ikazaa sababisha. Ila -isha yetu ina masharti: mara nyingi humaanisha kukifanya kitu kiwe kile kilichotajwa, au kiwe chake. Ukisema "kuchumvisha nyama", msikilizaji atadhani unaigeuza iwe chumvi! Kiambishi -la (au -le, kwa kufuata irabu iliyotangulia) hakibani hivyo: tuzlamak ni kutia chumvi, taşlamak ni kupiga mawe, ütülemek ni kupiga pasi. Uhusiano wa nomino na tendo huamuliwa na mazoea ya wasemaji.

Hapo kwenye pasi ndipo penye utamu. Mturuki husema gömleği ütüledim: shati (gömlek) limepewa alama ya yambwa, yaani kitu kinachotendwa, na pasi (ütü) imemezwa na kitenzi. Sisi pasi tunaiacha nje, lakini hebu itazame: "Shati nimelipiga pasi." Hiyo -li- ni ya shati. Ukiingia kauli ya kutendwa, utasema "shati limepigwa pasi". Sijamsikia mtu akisema "pasi imepigwa shati". Vivyo hivyo "nyama imetiwa chumvi", ilhali chumvi ikitaka kuwa kiima, nyama lazima itafutiwe "kwenye" au "katika". Kwa hiyo nomino yetu imesimama nje kwa sura tu. Kimuundo imeshikamana na kitenzi karibu sawa na ya Kituruki.

Karibu, kwa sababu yetu bado inapokea kivumishi. Katika "ameitia nyama chumvi nyingi", nyingi inakubaliana na chumvi. Katika eti çok tuzladı, yaani "ameitia nyama chumvi sana", çok (sana) inaeleza tendo, maana tuz imekwishafungiwa ndani na haivumishiki tena.

Wala usidhani Waturuki hubandika -la kila mahali. Kupiga simu kwao ni telefon etmek, "kufanya simu", na maneno mengi ya Kiarabu hupitia mlango huohuo: kabul etmek, sabretmek. Sisi hayo tuliyanyambua bila msaidizi yeyote: kubali, subiri.