Vituo Kumi, Mwenyewe Nani?

SWALI: Hapa Mbarara redio ni tele, lakini habari zinafanana. Nitajuaje nani anamiliki ipi? Na je, hilo lina madhara?

JIBU: Madhara yapo, tena makubwa. Jina unalolisikia hewani mara nyingi si jina la kampuni. Anza kwa kuiuliza Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, masafa hayo yamepewa leseni kwa kampuni gani. Ukipata jina, nenda kwa msajili wa makampuni, URSB, ulipie upekuzi wa faili, uombe orodha ya wanahisa na wakurugenzi. Wengi hukwama hapo kwa kukuta mwanahisa ni kampuni nyingine. Ipekue nayo, mpaka ufike kwa mtu.

Kampuni ya habari ya Vision Group ni rahisi zaidi kuichunguza, kwa kuwa iko soko la hisa tangu 2004: magazeti ya New Vision, Bukedde na Orumuri, pamoja na Radio West, ni yake, na serikali ina zaidi ya nusu ya hisa.

Hatari ya vyombo vingi mkononi mwa mmoja ilionekana Mei 2013. Polisi walipovamia gazeti la Daily Monitor, redio za KFM na Dembe FM, zilizo chini ya mmiliki yuleyule, zilizimwa pia, siku kama 10.

Chunguza na matangazo ya kulipiwa. Machi 2023 Rais Museveni aliagiza ya serikali yapelekwe UBC, shirika la utangazaji la serikali. Chombo kinachoishi kwa fedha za wizara huogopa kuihoji wizara. Wiki hii, andika habari ya kwanza ya kila kituo saa moja jioni, na tangazo linaloifuata.