Wanafunzi wa Seoul wakinyamaza: kufundisha maadili ya biashara Korea Kusini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha maadili ya biashara kwa mkataba wa mwaka mmoja katika chuo kikuu kimoja Seoul. Wengi darasani ni Wakorea, na kuna Wachina na Wajapani wachache. Nilikuja na mtaala niliokuwa nautumia Dar es Salaam: nadharia za Kant na Mill, wanafalsafa wa maadili wa Ulaya, visa vya makampuni ya Marekani, kisha mjadala. Huo mjadala haufanyiki. Nikiuliza kama mfanyakazi afichue uovu wa bosi wake, wanainamisha vichwa. Kwenye mtihani wananirudishia maneno yangu mwenyewe. Zawadi nazo zinanitatiza, maana naona kupeana ni sehemu ya maisha yao. Nibadilishe nini, na alama za ushiriki nizitoeje? Mwakani huenda nikahamia Kuala Lumpur. Mtaala huohuo utafaa?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Nianze na zawadi. Usiingie darasani ukidhani kwamba maadili yamekaa upande mmoja na utamaduni upande wa pili. Wakorea wenyewe wamebishana kwa miaka juu ya jambo hili, na ubishi wao umeandikwa kwenye sheria. Sheria dhidi ya rushwa na maombi yasiyofaa inajulikana zaidi kwa jina la Kim Young-ran, jaji wa zamani wa Mahakama ya Juu, aliyeipendekeza akiwa mkuu wa tume ya kupambana na rushwa. Ilipitishwa Machi 2015, ikaanza kazi tarehe 28 Septemba 2016. Inawahusu watumishi wa umma, waandishi wa habari na walimu, na wenzi wao pia. Mwanzoni mlo haukutakiwa kuzidi won 30,000 (won ni sarafu ya Korea), zawadi won 50,000, mchango wa harusi au msiba won 100,000. Viwango vimerekebishwa tangu hapo. Mwaka 2024 mlo ulipandishwa hadi won 50,000. Mazao ya shamba na ya bahari yana kiwango chao kikubwa zaidi, kwa sababu wakulima na wavuvi walilalamika kwamba sheria inawaua kibiashara, hasa msimu wa sikukuu ya Chuseok.

Hapo una somo zima. Uliza kwa nini watunga sheria waliuachia mchango wa msiba nafasi yake badala ya kuufuta. Uliza nani anafaidika mkulima wa tufaha akipewa nafuu ambayo muuza saa hakupewa. Hao vijana wamewaona baba na mama zao wakipokea na kupeleka vifurushi hivyo, kwa hiyo wana la kusema.

Siku ya kwanza ya sheria hiyo, mtu mmoja aliwapigia polisi simu kuripoti kwamba mwanafunzi amempa profesa kopo la kahawa. Anza kipindi na kopo hilo. Kahawa inanunua nini kwa mtu anayekupa alama? Siku ya Walimu, tarehe 15 Mei, tume ilieleza kwamba mwakilishi wa darasa anaweza kumpa mwalimu ua hadharani, lakini mwanafunzi mmoja mmoja asimpe. Waulize tofauti iko wapi, ua likiwa ni lilelile. Na wewe mwenyewe usijisahau: uliza ofisi ya chuo, kabla ya Mei, mkataba wako unakuweka wapi katika sheria hii.

Sasa ule ukimya. Nakusihi usiuhesabu kuwa ni kukosa maoni. Vijana wengi wa kiume hukatiza masomo kwenda jeshini, hivyo darasa moja hukutanisha umri tofauti, na mdogo hatangulii kusema mbele ya mkubwa wake. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatuhitaji kuelezwa zaidi. Ukiuliza swali hewani, unamtaka mdogo avunje adabu, na unamtaka mkubwa ahatarishe heshima yake kwa jibu ambalo hakuliandaa. Wape dakika tano waandike bila majina, kusanya karatasi, soma mbili tatu zinazopingana. Kisha wagawe makundi ya watu wa umri unaokaribiana, na kila kundi litoe msemaji. Akisema, ni kauli ya kundi, na ukiipinga hujamwaibisha mtu.

Swali lenyewe la kufichua uovu nalo linahitaji kupangwa upya. Ukiuliza “ungemripoti bosi?” umemwambia achague kati ya usaliti na woga. Nenda kwanza kwenye mapokeo yao. Mtawala mmoja alimsifia Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, mtu mnyoofu wa nchi yake: baba yake alipoiba kondoo, yeye alimshitaki. Confucius akajibu kwamba kwao wanyoofu ni wa namna nyingine, baba humsitiri mwana na mwana humsitiri baba. Wengi huishia hapo na kuamua kwamba Asia ya Mashariki inafundisha kuficha. Si kweli. Xunzi, mwanafalsafa wa mapokeo hayohayo, alifundisha kwamba mtu afuate haki, asimfuate baba. Na katika Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, palikuwa na ofisi kamili, Saganwon, ambayo kazi ya maofisa wake ilikuwa kumkosoa mfalme.

Baada ya hapo swali zito linakuja lenyewe: je, kampuni ni baba? Makampuni ya Korea na Japani yamezoea kujiita familia. Wape kisa cha Kim Gwang-ho, mhandisi wa Hyundai aliyepeleka taarifa za kasoro za injini kwa mamlaka za Korea na Marekani mwaka 2016. Kampuni ilimfukuza. Mwaka 2020 Hyundai na Kia zilikubali adhabu ya dola milioni 210 nchini Marekani, na mwaka uliofuata mamlaka ya usalama barabarani ya huko ikamzawadia Kim zaidi ya dola milioni 24. Waandike: aliyemsitiri bosi katika kisa hiki, alikuwa amemwanika nani barabarani?

Kwa Wajapani wako, ongeza Toshiba, kampuni ya kwao ya vifaa vya umeme. Mwaka 2015 jopo huru lilikuta faida imetiwa chumvi kwa kiasi cha yen bilioni 150 hivi kwa miaka kadhaa, na likaandika kwamba ndani ya kampuni watu hawakuweza kwenda kinyume na matakwa ya wakubwa. Walioukosoa ukimya huo ni Wajapani wenyewe, na wanafunzi hulipokea neno hilo tofauti na likitoka kwa mgeni.

Kuhusu alama, futa kabisa alama za kuongea. Hapa naegemea mbinu ya Mary Gentile, Mmarekani anayewafunza wanafunzi namna ya kulisema lililo sawa baada ya kulijua. Mtu wa Seoul au Osaka hatalisema kwa kusimama kikaoni. Japani jambo hupitishwa kwa mtu mmoja mmoja kabla ya kikao, na huo ni ujuzi, usiubeze. Mpe kila mwanafunzi kazi ya kurasa mbili: yeye ni ofisa mpya aliyegundua hesabu zimechezewa. Nani anaumia? Amwambie nani kwanza, faraghani, kwa ushahidi gani? Akikataliwa, ngazi ya pili ni ipi? Sheria ya Korea ya 2011 inayowalinda watoa taarifa kwa maslahi ya umma inamsaidiaje? Sahihisha mpango huo. Anayekariri maneno yako hataweza kuujaza, na hiyo ndiyo dawa ya mtihani wako. Kant na Mill usiwatupe. Waweke mwisho, wanafunzi wakishakuwa na msimamo wa kuupima kwa nadharia hizo.

Kuala Lumpur, hapana, usibebe mtaala huu mzima. Kule wanafunzi wengi watafikiri kwa amana, riba na halali, maneno ambayo mtu wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa, na watakaa na wenzao wa asili ya Kichina na Kihindi wasioanzia hapo. Sheria ya kuanzia ni kifungu cha 17A cha sheria ya kupambana na rushwa ya Malaysia, kilichoanza kutumika Juni 2020: mtu wa kampuni akitoa hongo kwa faida ya kampuni, kampuni yenyewe inashitakiwa, isipokuwa ithibitishe kwamba iliweka taratibu za kutosha za kuzuia. Waandike hizo taratibu kwa ajili ya kampuni ndogo ya ujenzi inayomilikiwa na familia, na uwaache wabishane juu ya mjomba anayefahamiana na ofisa wa zabuni.