Krismasi ya kwanza Ujerumani: omba zamu tarehe 24

Kama kanisa limekupangia mwaka wa kutumika Ujerumani, weka hili kichwani kabla hujafunga begi: kule Krismasi huliwa tarehe 24 jioni. Sisi tumezoea mkesha uwe wa kwaya, halafu tarehe 25 ndiyo iwe ya nguo mpya, ibada ndefu na pilau. Ukienda na mazoea hayo utakaa kungoja sikukuu ambayo wenyeji wameshaimaliza. Asubuhi ya tarehe 25 utatoka nje usikutane na mtu, labda mzee mmoja anayetembeza mbwa.

Mimi nilitumwa kupitia VEM, ule umoja wa makanisa wenye makao yake Wuppertal ambao baadhi ya dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni wanachama, nikapangiwa nyumba ya wazee. Kwetu Bukoba wamisionari wa Bethel, kutoka Ujerumani, walifika mwaka 1910, kwa hiyo bibi yangu hakushangaa hata kidogo. "Walikuja kwetu. Nawe nenda ukawaone."

Ushauri wangu mkubwa ni huu: omba zamu ya tarehe 24, mchana hadi usiku. Wafanyakazi wenye watoto wanatafuta kupumzika siku hiyo kwa udi na uvumba, na wewe usipokuwa kazini utakuwa chumbani unapitia picha za ndugu zako kwenye simu. Jua linazama kama saa kumi na nusu jioni. Giza la mapema namna hiyo, peke yako, sikukuu, si la kulichezea.

Sisi tulipanga meza moja ndefu, saladi ya viazi na soseji, ndicho chakula cha mkesha kwa familia nyingi. (Nilidhani ni kitangulizi. Sicho.) Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kumbukumbu ilikuwa imemtoka; kila asubuhi aliniuliza mimi ni nani na nani kaniruhusu kuingia. Nyimbo zilipoanza, akaimba beti zote bila kitabu. Nami nikaimba naye, mistari niliyoijua Kijerumani, mingine Kiswahili, kwa sababu tuni ni zile zile tulizokua nazo usharikani. Tulipomaliza akanigeukia, akaniambia nifanye mazoezi ya matamshi. Jioni ile nilijiona mwenyeji kuliko siku zote tangu nishuke kwenye ndege.

Kanisani nenda mapema. Ibada ya alasiri yenye igizo la watoto inafurika mpaka watu wanasimama, halafu Jumapili inayofuata utawahesabu waliokuja. Kuna wenzetu wanaoona hivyo wakaanza kuwahukumu wenyeji kwamba imani imekwisha. Ungoje kidogo kabla ya kusema hivyo. Hujawaona wakihudumia mzee asiye ndugu yao saa tisa usiku.

Suala la mwaliko linawaumiza wengi bure. Kwetu mtu anapiga hodi na sahani inaongezwa. Kule mkesha ni wa watu wa nyumba moja, na kutoalikwa si kwamba umechukiwa. Mara nyingi kila mmoja anadhani umealikwa na mwingine. Mwezi wa kumi na moja unapoisha, mwambie mchungaji au familia inayokulea, kwa maneno ya wazi, kwamba tarehe 25 huna pa kwenda. Watafurahi uliposema. Kisha uliza saa, na ufike saa hiyo hiyo.

Simu ya nyumbani nayo ina utaratibu wake. Majira yale Tanzania iko mbele kwa saa 2, kwa hiyo ukitoka zamu usiku, mama ameshalala. Panga kupiga tarehe 25, wakishatoka kanisani na kula. Na jiandae kuulizwa, "Krismasi yetu iko wapi?" Uko Ulaya, basi una hela! Posho ya mtu wa kujitolea haifiki huko. Sema ukweli mwezi mmoja kabla, tena kwa shangazi mwenye sauti kubwa zaidi kwenye ukoo, habari itasambaa yenyewe. Kukopa ili utume ni kujitafutia Januari mbaya.

Tarehe 26 nayo ni sikukuu, na hiyo ifanye yenu: waite wenzako waliotumwa miji ya jirani, pikeni. Ila maduka yanafungwa tarehe 24 mchana, kufikia saa nane, na hayafunguliwi mpaka tarehe 27, tena kama hiyo 27 haikuangukia Jumapili. Nunua kila kitu tarehe 23. Ukiwa Mhaya kama mimi, usihangaike kutafuta matoke. Maduka ya Waafrika mengi yatakuuzia mzuzu, kwa bei ya nyama. Chukua mchele.