Chuo na kampuni za dizaini: maswali yenu na majibu

Kampuni imeleta kazi darasani, tunashindana wote, mshindi anapata cheti. Michoro itakuwa ya nani?

Soma kwanza mlichosaini. Sehemu nyingi kazi ya mwanafunzi ni yake mpaka aikabidhi kwa maandishi, ila kanuni za vyuo zinatofautiana, uliza mapema. Na hiyo ya cheti mimi siipendi kabisa, yaani mawazo ya darasa zima kwa karatasi moja! Wakiipenda kazi wailipie, wasizozichagua zibaki kwenu muweke kwenye potifolio. Wala sio ukorofi, Bauhaus, chuo cha dizaini kule Ujerumani, walisaini na kiwanda cha Rasch 1929, wanafunzi wakachora karatasi za kubandika ukutani na chuo kikawa kinapata chake kadiri zinavyouzwa, na ziliuzwa kweli.

Mimi ni mhadhiri. Kila muhula tunaalika wabunifu waje kuongea na wanafunzi, mbona sioni mabadiliko?

Kwa sababu mgeni wa saa moja anakuja na slaidi za kazi zilizokubalika tu, zile mteja alizozikataa anaziacha ofisini na humo ndo kuna darasa lenyewe. Bora mmoja anayerudi kila wiki kukosoa kazi kuliko kumi wa kupiga nao picha. Mbunifu Hans Gugelot alikuwa anafundisha chuo cha dizaini cha Ulm, Ujerumani, huku anaichorea Braun, kampuni ya vifaa vya umeme, ile redio yenye santuri ya SK4 ya 1956 aliifanya na Dieter Rams aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni, sasa hapo ujuzi unakwama wapi wakati mtu ni huyo huyo?

Studio yetu ina watu watatu. Ripoti za chuo hazisomeki, tutafaidika nini?

Msiombe ripoti, ombeni mtu. Uingereza wana mpango wa KTP (Knowledge Transfer Partnerships), chimbuko lake ni 1975, mhitimu anakaa ndani ya kampuni mwaka mpaka mitatu, chuo kinamsimamia, serikali inachangia gharama. Kama kwenu hakuna, anzeni kidogo: tatizo moja, mwanafunzi mmoja, muhula mmoja, na mumlipe.

Tumesaini kutunza siri. Tasnifu naandikaje?

Kubalianeni kampuni iisome kabla, na iwe na siku maalum ya kujibu, la sivyo utasubiri mpaka uchoke. Kama kuna hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) inatafutwa basi usiwasilishe popote kabla ya maombi kupelekwa, nchi nyingi ukishaonyesha hadharani nafasi imepotea.