Simu na moyo: mliyotuuliza

Programu fulani inapima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera. Niiamini? (Busia)

Usiiamini. Kamera huona damu ikipita kidoleni, kwa hiyo mapigo inayahesabu vizuri kiasi. Presha inaikisia tu. Programu ya namna hiyo iliyouzwa sana Marekani ilichunguzwa mwaka 2016: karibu wanne kati ya kila watu watano wenye presha ya juu iliwaambia wako sawa. Nunua mashine ya mkono wa juu, yenye kitambaa kinachokutosha. Kikiwa kidogo, namba hupanda bure. Kaa dakika 5 ukiegemea kiti, miguu isipishane, mkono mezani usawa wa moyo, mdomo kimya. Kahawa iwe imepita nusu saa. Pima mara mbili, dakika moja katikati, uandike namba zote, si ile iliyokufurahisha. Ukifika 180/120 na kifua kinauma, pumzi inakata au upande mmoja wa mwili umelegea, nenda hospitali sasa hivi.

Mwanangu ana vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Anadungwa penisilini kila wiki 4, na simu inatukumbusha kila tarehe 5. Ni sawa? (Gulu)

Si sawa, mama. Kutoka tarehe 5 hadi 5 mara nyingi ni siku 30 au 31, na siku hizo za ziada dawa imepungua mwilini. Weka ukumbusho wa kila siku 28, na mwingine siku mbili kabla, uulize kituoni kama dawa ipo. Simu nyingi huzima programu ili kuokoa betri, kisha ukumbusho haulii. Kwa hiyo tumia kalenda ya simu yenyewe, haihitaji data. Tarehe ikipita, apelekwe upesi, msingoje zamu ijayo.

Moyo wangu ni dhaifu. Kwa nini programu inataka uzito kila siku? (Jinja)

Maji yanayobaki mwilini huonekana kwenye mizani kabla miguu haijavimba. Jipime asubuhi baada ya haja ndogo, kabla ya chai, mizani ileile, juu ya saruji na si mkeka. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, pigia kliniki. Usijiongezee furosemide, dawa ya kutoa maji mwilini, kwa sababu ya mchoro wa simu, isipokuwa daktari alishakupangia.

Simu tunaitumia nyumba nzima. Nifanyeje habari za presha yangu zibaki siri? (Mbale)

Ifungie programu kwa namba ya siri, na uinyime ruhusa ya kusoma majina uliyohifadhi. Presha haipimwi kwa orodha ya marafiki.