Kanga ya bibi, niikate?

SWALI: Habari dada. Mimi fundi cherehani hapa Mikindani, Mtwara. Kuna binti kaniletea kanga ya marehemu bibi yake, imepauka ila mji wake bado unavutia kweli, pembeni bibi kaipinda kwa mkono, mishono midogomidogo. Anataka nimkatie gauni la sendoff, anasema hata wabunifu wakubwa wa Ulaya wanatumia nguo za kale. Nikishika mkasi mkono unakuwa mzito. Ni kweli wanazikata?

JIBU: Kaka yangu, mkasi weka chini kwanza. Za kale wanazitumia sana tu, ila wengi wao wanachochukua ni umbo na mshono, nguo yenyewe inabaki. Mbunifu Mfaransa Christian Dior alipotoa lile koti lake lililoitwa Bar kule Paris 1947, kiuno kimebanwa na sketi inamwagika, watu wakauita mtindo mpya, kumbe alikuwa anazikumbuka nguo za mama yake enzi za utoto wake, na vile Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimetoka kuisha, kitambaa cha shida, ule upana wa sketi uliwashtua wengi. 2012 Raf Simons, mbunifu wa nyumba ya Dior wakati huo, akalirudia koti hilohilo, akalivalisha na suruali.

Mimi anayenigusa zaidi ni Vivienne Westwood wa Uingereza. Alizisoma koseti za karne ya 18, zile nguo za kubana kiuno za kukazwa kwa kamba, halafu 1990 akatoa yake ina picha ya mchoraji Boucher kifuani, umbo lilelile la zamani lakini kamba katoa kaweka zipu, ubavuni kaweka kitambaa kinachovutika ili mvaaji ajigeuze vizuri. Huo ndo ufundi jamani!

Makumbusho nao hawana mchezo, hata taa wanazififisha maana mwanga unakula rangi na uzi, na ukishaliwa haurudi. Na usidhani ni nguo za matajiri tu, makumbusho ya V&A London kabla hawajafungua onyesho la mitindo ya Afrika 2022 waliomba watu walete nguo na picha za familia zao, za kawaida kabisa.

Sasa rudi kwa hiyo kanga. Ukikata shingo tu mji umeshatoboka, ukitafuta mikono utajikuta uko kwenye jina. Ipige picha, pima pindo kwa tepu, angalia maua yamepangwaje, halafu mwende na binti dukani mtafute doti mpya inayokaribiana, pindo ulishushe chini ya gauni na jina likae panaposomeka. Ya bibi mwambie aiviringishe kwenye shuka jeupe safi, asiiweke kwenye mfuko wa nailoni, kwa joto letu hili la pwani itaota ukungu. Na ule upindo wa bibi uige kwenye gauni, mishono midogo hivohivo, kwa mkono, cherehani usiiguse hapo.