Unayemuuguza Mgonjwa wa Akili, Usiusahau Mwili Wake

Ukiuguza mtu mwenye ugonjwa mkali wa akili, macho yote huelekea kichwani. Amelala? Anaongea peke yake? Kameza dawa? Mwili hauulizwi. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani linasema watu hawa hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao, na wengi huondoka kwa maradhi yanayozuilika: moyo, kisukari, kifua.

Kaka yangu ana skizofrenia, tunaishi naye hapa Mtwara. Kuna wakati alianza kunywa maji kopo baada ya kopo, na usiku haishi kwenda kukojoa. Zahanati ya kwanza wakatuambia, "Hayo ni maradhi yake ya kichwa." Nikang'ang'ania apimwe. Kwingine nesi akamtoboa kidole, kimashine cha sukari kikasoma 19, juu mno. Kisukari. Iliniuma sana, maana angekuwa mtu mwingine yeyote, kiu ile ingemfikisha maabara siku hiyohiyo. Ukijibiwa hivyo, sema kwa adabu, "Naomba apimwe kwanza," na usiondoke.

Baadhi ya dawa za akili, hasa olanzapini na klozapini, huleta njaa kali, huongeza uzito na hupandisha sukari. Usimwachishe dawa kwa hilo. Maradhi yakirudi ni balaa. Mweleze daktari, dawa huweza kubadilishwa. Kila siku ya kliniki omba apimwe uzito, presha na sukari, viandikwe kwenye daftari lake. Nyumbani ugali wa muhogo sikumnyima, nilipunguza bonge nikaongeza kisamvu na samaki. Soda ndiyo niliyoikata kabisa. Jioni tunatembea pamoja hadi ufukweni Shangani, na usingizi wake umekuwa mzuri.

Sigara ina jambo ambalo wengi hatuambiwi. Moshi wake hulifanya ini lizivunje haraka dawa hizo mbili nilizozitaja, kwa hiyo mvutaji huweza kumeza dozi yote na isimtoshe. Naye akiacha ghafla, dozi ileile huweza kumzidi. Aache, ndiyo, lakini daktari ajue mapema.

Msimu wa mabibo ndio mgumu kwangu. Uraka, pombe ya mabibo, uko kila kona, na vijana humwita kaka wapate kumcheka. Nilimfuata mama anayeuza jirani: "Mama, shikamoo. Mwanao yuko kwenye dawa, akija naomba umpe maji tu." Alinielewa, na sasa yeye ndiye humrudisha nyumbani.

Tunaloona haya kulisema ni mapenzi. Mgonjwa wa akili naye hupenda, na wapo wanaomtumia, hasa mgonjwa akiwa mwanamke. Zungumza naye akiwa ametulia, kuhusu kondomu na kupima VVU. Akikohoa wiki mbili au zaidi, mpeleke akapimwe kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali kupima na kutibiwa VVU na kifua kikuu ni bure.